Vioo vya Mbele vya Mzee Mtewele

Mtu akiingia karakanani akasema anataka tinti kwa sababu ya jua, mwulizeni jua gani. Hapa ni Makambako. Mwezi wa sita na wa saba tunavaa makoti mawili na kukaa na jiko la mkaa karibu na miguu. Ukungu ukishuka asubuhi, mlango wa jirani unaukumbuka tu, huuoni. Jua lipo, silikatai, lakini katika miaka yote niliyobandika tinti sijaletewa gari lililoungua. Anayetaja jua ana sababu nyingine. Mara nyingi ni sababu ndogo: anataka gari lake lionekane la mkubwa fulani. Mara chache si ndogo. Fundi mzuri anatakiwa kunusa tofauti, na mimi nilijiamini kuwa pua yangu haikosei. Kujiamini huko ndiko kunakonifanya nichukue kalamu.

Mwezi uliopita niliwakabidhi karakana, Joyce na Nuhu. Vilivyotundikwa ukutani mnaviona wenyewe. Nitaandika yasiyotundikwa.

Nilifika Makambako nikitokea Lugarawa, nina miaka ishirini na minne, nikafikia kwa kaka yangu. Mkewe, wifi yangu Skolastika, alikuwa akiwapikia chakula cha mchana mafundi wa karakana za barabara ya Njombe. Ndiye aliyeniombea kazi kwa Mzee Sanga, Mkinga mmoja mfupi aliyekata vioo vya madirisha na vya magari. Mzee Sanga hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kioo cha mlango wa gari, ndoo ya maji na gazeti kuukuu, akaniambia nikioshe. Nilipomaliza akakitazama, akasema bado. Nikarudia. Akasema bado. Ilipofika saa sita nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mzee ananifundisha uvumilivu, jambo ambalo wazee hupenda kufundisha vijana wasio na pa kwenda. Kumbe kulikuwa na unywele mmoja upande wa pili.

Tinti zilipoanza kuletwa kwa wingi, ndiye aliyenifundisha. Adui wa kwanza ni upepo wa Makambako, ambao mnaujua. Vumbi moja likiingia kati ya karatasi na kioo, litakaa humo mpaka gari life. Mwageni maji sakafuni kabla ya kuanza, fungeni milango, na asiingie mtu na sweta la sufu. Wembe uwe mpya kila gari. Sabuni iwe ile ya kuogeshea watoto wachanga, haiachi ukoko. Wakati wa baridi gundi hukauka polepole, kwa hiyo mwambieni mteja asishushe vioo kwa wiki mbili. Atashusha siku hiyo hiyo. Kisha atarudi kuwalaumu.

Mzee Sanga alikuwa hamwamini mtu, wala hakuziamini namba. Namba ya tinti ni asilimia ya mwanga unaopita. Sabini maana yake unaona karibu kama hakuna kitu. Tano maana yake umekaa pangoni. Wateja wengi hudhani namba ikiwa kubwa ndiyo nyeusi, na wapo wauzaji wanaowaacha wadhani hivyo. Bunda lenyewe la tinti linaweza kuandikwa thelathini na tano nje na likawa kumi na tano ndani. Ndiyo maana alinunua kile kipimo cha mwanga mlichokirithi, na ndiyo maana kila bunda lililoingia alilipima mbele ya aliyelileta, huku akimtazama usoni. Tena alinifundisha kwamba kioo kitupu nacho kinakula mwanga wake. Ukibandika tinti nyepesi juu ya kioo ambacho kiwandani kilishatiwa rangi, umepata nyeusi bila kukusudia.

Kubwa kuliko yote, hakumwachia mteja achague akiwa amesimama nje. "Nje ni kwa ajili ya watu wengine," alikuwa akisema. "Mwingize ndani." Asubuhi za ukungu alimkalisha mteja kwenye usukani, akamshikizia kipande cha tinti dirishani, kisha yeye mwenyewe akaenda kutembea ng'ambo ya barabara na koti lake la kijivu. Mteja akisema hamwoni, alirudi na kumwambia: "Basi ungekuwa umeniua." Watu wengi walichagua upya. Wengine walikasirika wakaenda kwingine.

Alipofariki nilibaki na karakana, kipimo na tabia yake ya kutoamini. Ile tabia niliikuza kuliko yeye. Siku moja alikuja mtu na gari la mizigo, akasema anasafirisha samaki kutoka Manda, anataka vioo vyote viwe vyeusi ili samaki wasiharibike. Nikamuuliza kama samaki wake hukaa kiti cha mbele. Hakucheka. Nilimkatalia, nikamweleza askari mmoja wa barabarani tuliyefahamiana, na baada ya wiki chache tukasikia mtu huyo amekamatwa na mbao zisizo na kibali chini ya matenga ya dagaa. Askari alipita kunishukuru. Tangu hapo watu wa barabara ya Njombe walikuwa wakisema fundi Otilia akikutazama mara mbili, una jambo. Nilipenda walivyosema. Nikaanza kuwatazama watu mara mbili hata pasipo sababu.

Sasa nifike kwa Mzee Mtewele.

Efraimu Mtewele, ambaye wengi walimwita Baba Rehema kwa jina la binti yake, alikuwa mzee wa kanisa kwa Walutheri na dereva wa gari la shule moja ndogo ya msingi pembeni ya mji. Gari lilikuwa dogo, la njano, na kila asubuhi lilipita mbele ya karakana yetu watoto wakiimba ndani. Mjukuu wa wifi Skolastika, Kolumba, wa darasa la pili, alikuwa mmoja wao. Mimi na Baba Rehema tulikuwa tukipungiana mkono tu, kila mtu na lake.

Alikuja mchana mmoja wa mwezi wa tano, peke yake, amevaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene, fundi," akanisalimu.

"Kamwene, mzee. Karibu."

"Nataka tinti. Ile nyeusi kabisa."

"Kwenye vioo vipi?"

"Vya mbele. Mlango wangu na ule wa abiria. Na kile kikubwa uniwekee mkanda juu, ushuke mpaka hapa." Akaonyesha kwa kiganja. Ningemfuata, angekuwa anaendesha kama mtu anayechungulia chini ya mlango.

"Na vya nyuma, wanakokaa watoto?"

"Vya nyuma viache."

"Ni kwa sababu gani, mzee?"

"Jua."

Mnajua nilivyolipokea neno hilo. Nikamuuliza kama mwenye shule amemtuma. Akasema hapana, atalipa mwenyewe, na mwenye shule hana haja ya kujua. Alikuwa akisema nami huku akilitazama sikio langu. Nilimmiminia chai, akapapasa meza kabla ya kushika kikombe. Nikampa daftari la wateja aandike jina, akaliandika juu ya mstari, likapanda na kuingia kwenye jina la mtu wa jana. Yote hayo niliyaona. Kila moja nililiweka moyoni kama shahidi: hanitazami machoni, mikono yake haijatulia, hataki mwajiri wake ajue, na anabeba watoto.

"Sibandiki tinti hiyo kwenye vioo vya mbele vya gari la shule," nikamwambia. "Nikiweka, nitaweka hamsini, na kwanza ukae ndani tujaribu."

"Sina haja ya kujaribishwa. Nimeendesha gari tangu wewe hujajua gari ni nini."

"Basi kaa tu. Mimi nitatembea nje, uniambie unanionaje."

Akasimama. Kofia aliishika kwa mikono miwili. "Kama hutaki kazi, sema hutaki," akasema, akaondoka bila kumaliza chai.

Fundi mwenye akili angejiuliza jambo moja. Mtu anayetaka kuwaficha watoto angefunga vioo vya nyuma. Huyu aliviacha wazi vya nyuma, akataka kufunga vile vinavyomwingizia mwanga yeye mwenyewe. Nilikuwa na miaka karibu thelathini kwenye kazi ya vioo, na jibu lilikuwa kwenye vioo alivyovitaja. Lakini nilikuwa nimeshapata jibu langu, na mtu akishapata jibu hatafuti tena.

Siku mbili baadaye gari la njano lilipita. Fundi mwingine alikuwa amembandikia. Vioo vya mbele vilikuwa vyeusi kama chungu, na mkanda umeshuka alipotaka. Wifi Skolastika alikuwa ameniletea chakula, tumesimama wote mlangoni.

"Mimi sisemi kitu, wifi," nikasema. "Ila yule mtu anaficha jambo."

"Jambo gani?"

"Sijui. Alikuja kwangu nikamkatalia. Mtu hafungi vioo bila sababu, tena mtu anayebeba watoto."

Hayo ndiyo maneno yangu, sijayaongeza wala kuyapunguza. Wifi alifunika sufuria, akaniangalia muda mrefu, kisha akaondoka. Jumapili yalikuwa yameshazunguka kwenye uwanja wa kanisa letu la Katoliki. Jumatatu yalikuwa kwa Walutheri, kwa sababu maneno ya namna hiyo hayaulizi dhehebu. Jumanne yalirudi kwangu yakiwa na miguu na mikono: kwamba Mtewele husimamisha gari kwenye mikaratusi, kwamba kuna mtoto alirudi nyumbani analia. Niliuliza ni mtoto gani. Hakuna aliyemjua. Badala ya kushtuka kwamba hajulikani, nilifikiri: anafichwa.

Kolumba aliulizwa na bibi yake Babu Mtewele huwafanya nini kwenye gari. Akasema huwaimbisha. Bibi akamwuliza kwa nini huwaimbisha. Mtoto hakujua ajibu nini, akanyamaza, na ule unyamavu nao ukahesabiwa.

Jumatano asubuhi kina mama saba waliamua kulisimamisha gari wenyewe, pale barabara ya vumbi inapotoka kwenye mikaratusi kabla ya kufika lami, na kuwatoa watoto wao. Wifi Skolastika alikuja kunigongea. Nilifunga shingo kwa mtandio nikaenda nao. Ukungu ulikuwa mzito, ule unaolowesha nyusi. Tulisimama tumeziba barabara. Skolastika alikuwa katikati, amejitanda kitenge cha rangi ya majani.

Tulilisikia gari kabla ya kuliona. Watoto walikuwa wakiimba. Kisha taa mbili zikatokea, hafifu, mwendo wa polepole sana. Mama mmoja akarudi nyuma kidogo.

"Simameni," nikasema. "Anatuona."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu.

Gari lilikuja kwa mwendo ule ule, halikupunguza wala kuongeza. Mimi niliyekuwa pembeni niliruka. Wengine wakatawanyika. Skolastika alikuwa na miaka sitini na magoti yaliyochoka kwa kusimama jikoni. Aligeuka, akapiga hatua moja, na bampa likampata pajani. Nilisikia mfupa. Gari likasimama hapo hapo, watoto wakaacha kuimba.

Mtewele alifungua mlango akashuka, mkono mmoja umeshika mlango. Wifi alikuwa amelala hatua tatu mbele yake, anaguna, uso umemwelekea.

"Nimegonga nini?" akauliza. "Nani yuko hapo? Naombeni mniambie, nimemgonga nani?"

Wanaume wawili waliokuwa wakivuna viazi shamba la jirani walikuja mbio na majembe. Mama mmoja akawaambia kwamba ndiye yule, yule anayesemwa. Mmoja wao akamkamata Mtewele shingoni kwa koti.

"Leo umepatikana," akamwambia.

Sikuwa na ujasiri wowote, mniamini msiniamini. Nilikwenda pale kwa sababu swali lake lilikuwa limenichoma: mtu anauliza nani yuko hapo, na huyo mtu yuko mbele ya miguu yake. Nilimvua kofia. Mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimtazama machoni kwa karibu. Mboni ya kulia ilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Ya kushoto ilikuwa imeanza kuwa hivyo.

Nikainua mkono mbele ya uso wake. "Baba Rehema, hivi ni vidole vingapi?"

Watoto walikuwa wamejaa kwenye vioo vya nyuma, vile vilivyoachwa wazi, wanatutazama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "usinifanyie hivyo mbele ya watoto."

Yule mwanamume akaachia koti. Nikasema, "Huyu mtu haoni," na nikaenda kupiga magoti kwa wifi.

Tulimpakia Skolastika kwenye gari la viazi mpaka hospitali. Paja lilikuwa limevunjika. Alikaa huko majuma mengi, na mpaka leo anatembea kwa fimbo, anapika akiwa ameketi.

Mchana askari wa barabarani aliniita nikapime vioo vya gari. Nilikwenda na kipimo cha Mzee Sanga. Kioo cha mlango wa dereva kilisoma chini ya kumi. Nikamweleza askari kwa lugha ya kazi, na ninyi nawaeleza hivyo hivyo, kwa sababu mtakutana na mtu wa namna hii tena. Mwenye mtoto wa jicho huumizwa na mwanga. Taa za lori zikimjia anaona jua zima limeanguka barabarani. Anadhani dawa ni giza. Lakini jicho hilo hilo linalochomwa na mwanga ndilo linalouhitaji kuliko jicho zima. Ukimwekea tinti nyeusi, mchana mkavu atasema afadhali. Ukiingia ukungu, au kivuli cha miti, au mvua, umemfumba kabisa. Hata dereva mwenye macho ya mwewe akiwa nyuma ya kioo kile asubuhi ile angechelewa kutuona. Yeye hakutuona hata kidogo.

Askari aliandika yote. Nikamwambia kuna jambo lingine: kwamba wale kina mama walikuwa barabarani kwa sababu ya maneno yaliyotoka kwangu.

Akainua kalamu. "Hilo halihusiani na ajali, mama."

"Linahusiana."

"Sheria haina mahali pa kuliandika," akasema, si kwa ubaya, akafunga jalada.

Nilitafuta mahali pengine. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Nilisimama nikasema nilichosema na nisichojua: kwamba sikuwahi kuona ubaya wowote kwa Mtewele, kwamba niliona mtu asiyenitazama nikatengeneza yaliyobaki. Rafiki zangu hawakupenda nisimame. Baba mmoja wa nyuma, sikumjua jina, akaniuliza polepole: "Kwa hiyo wake zetu walisimama mbele ya gari kwa sababu mtu hakukutazama machoni?"

Nikasema ndiyo.

Akakaa chini. Afadhali angenitukana.

Mtewele alinyang'anywa leseni, na hilo lilikuwa haki. Kazi ilikwisha siku ile ile. Kwenye kanisa lake alijiondoa kwenye baraza la wazee kabla hajaulizwa, na ingawa mchungaji alitangaza kwamba yaliyosemwa hayana ukweli, wapo waliosikia tangazo kama uthibitisho. Hao hawakosekani. Rehema, ambaye alikuwa chuoni, alirudi akampeleka Ludewa kwenye hospitali ya misheni, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Nilisikia anaona. Sikwenda kumwona. Nilimtuma kaka yangu na kilo za sukari kama mtu anayepeleka rambirambi, na kaka akarudi akisema zimepokelewa. Hakuleta salamu.

Niliendelea kubandika tinti kwa miaka minne baada ya hapo. Mliokuwa nami mtakumbuka nilianza kuwa mzito wa maneno. Wateja wenye vioo vyao vya ajabu waliendelea kuja: mwenye kuwakwepa wadai, mwenye mke wa pili Njombe mjini, kijana wa biashara ya parachichi aliyetaka afanane na mheshimiwa. Niliendelea kuwashuku wote, siwezi kusema nilipona. Tofauti ilikuwa kwamba nikishuku, nilijishuku na mimi kwanza, na hiyo inachosha. Nilipoona inanichosha kuliko magoti, nikajua muda umefika.

Wiki yangu ya mwisho, Rehema alikuja. Amekuwa mwalimu sasa, amenunua gari dogo jeupe lililotumika, na alitaka tinti ya kuzuia kiti kisipauke. Baba yake alikuwa amekaa kiti cha abiria. Alishuka mwenyewe, bila kushika mlango, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Kamwene, fundi Otilia."

"Kamwene, Baba Rehema."

Rehema alipigiwa simu akasogea kando ya barabara. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka minne, na yote yakatoka bila mpangilio.

"Ni mimi niliyeanzisha yale maneno," nikasema.

"Najua. Nilikwenda kumwomba radhi Mama Skolastika kwa kumvunja mguu, akaniambia. Akaniomba radhi na yeye. Tulilia kama wajinga."

"Nami nakuomba radhi."

Alikuwa ananitazama kwa jicho la kushoto, wazi kabisa, na mimi ndiye niliyetazama pembeni.

"Siku ile uliona," akasema. "Uliniona napapasa kikombe. Nilijua umeona. Nilipotoka hapa nilisema moyoni, huyu mama ameshajua, kesho nimekwisha. Nikakaa usiku nikifikiri namna ya kumwambia mwenye shule kabla yako. Nikasema nimalize muhula huu tu, Rehema amalize mtihani. Kumbe hukujua. Ulijua kitu kingine ambacho hakikuwapo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniambia ukweli?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anatafuta neno la kunichoma.

"Hapana," akasema. "Ningekudanganya. Lakini ungekuwa umeniuliza."

Rehema alirudi, akauliza tumeamua nini. Baba yake akamwambia ameamua mwenyewe vioo vya mbele vibaki vitupu, vya nyuma viwekwe sabini, na kwamba ana njaa. Rehema akaweka funguo mezani kwangu, wakaondoka kwa miguu kuelekea kwenye hoteli ya ng'ambo. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia mpaka walipoingia. Mzee Mtewele hakugeuka hata mara moja kulitazama gari waliloniachia.